Mikanda Arobaini

Jumatatu, tarehe tisa Juni, saa kumi na moja na robo alfajiri, manyunyu yakinong'ona juu ya mabati, fundi cherehani alizinduka akamkuta mumewe anafanya kazi usingizini. Alilala chali, mikono yote miwili ameinyoosha mbele ya kifua, akiishusha na kuiinua kwa mpigo usiobadilika. Mkono wa kushoto ulikuwa na kiganja kilichokunjuka na kubonyeza hewa. Wa kulia ulikomea kwenye bandeji, pale ambapo watu huvaa saa, nao ulibonyeza vilevile, kwa bidii ileile, kama mtu ambaye habari bado haijamfikia.

Mkewe hakumwamsha. Muuguzi alimwonya asimshtue, na kwa kweli yeye mwenyewe hakujua angemwambia nini akifumbua macho. Alikaa kitandani akautazama ule mpigo, hadi akagundua jambo lililomfanya avute shuka mpaka kidevuni. Usingizini, mumewe alikuwa anafanya kazi kwa utaratibu uliokubalika. Mikono miwili, vitufe viwili, sawasawa na alivyofundishwa siku ya kwanza, kabla ya mkanda.

Mashine yenyewe haikuwa na siri. Kiwanda kilitengeneza vifuniko vya makopo ya rangi. Bamba la bati liliwekwa kinywani mwa mashine, nyundo ya chuma yenye uzito wa ng'ombe wawili ikashuka, kifuniko kikatoka. Aliyeiunda aliijua tamaa ya wanadamu, akaweka vitufe viwili mbalimbali, kimoja huku na kingine kule, ili nyundo isishuke mpaka mikono yote miwili iwe nje. Kitufe kimoja kikifungwa kwa mkanda kikabaki kimebonyezwa, mkono mmoja huwa huru kulisha bati huku mwingine ukipiga, na vifuniko huongezeka karibu maradufu. Mumewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kufunga, na tangu siku hiyo kiwanda kizima kilimwita Kasi. Mkanda ule aliushona mkewe.

Aliushona kwa turubai na mpira wa ndani wa tairi, kwa mshono wa kurudia. Wiki mbili baadaye msimamizi wa zamu alikuja mwenyewe kibandani kwake, akauchunguza mfano, akaagiza arobaini, mmoja kwa kila mashine. Alilipa papo hapo. Ilikuwa oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata, naye aliipokea kwa shukrani zisizo na kipimo.

Siku ya ajali, hospitali ilimkabidhi nguo za mumewe ndani ya mfuko wa plastiki. Katika mfuko wa suruali palikuwa na mkanda. Aliutambua mshono wake kabla hajaitambua damu. Mume aliyechukuliwa mahututi hakuwa na wasaa wa kufungua mkanda kwenye mashine. Kwa hiyo kulikuwa na mtu mwingine pale, katikati ya makelele yale, aliyeupata wasaa huo, akaufungua, akautia katika suruali ya majeruhi.

Mpigo ulikoma kulipopambazuka. Kasi alifumbua macho, akautazama mkono wake, akasema kwa sauti kavu kwamba leo tena umemtangulia kazini.

*

Wageni walifika saa tatu. Afisa utumishi alikuwa kijana mwenye viatu safi, aliyekaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayeogopa kukiacha na alama yake. Nyuma yake alisimama msimamizi wa zamu, mtu mnene, mchangamfu, aliyezoea kuingia nyumba za watu. Walileta mikate miwili na mfuko wa sukari. Afisa alianza kwa kusema kwamba uongozi umewatuma walete mkono wa pole, akasikia alichokisema, akakohoa, akaanza upya.

Alichotaka kilikuwa kifupi, lakini alikizungusha sana. Kiwanda, kwa huruma tu, kilikuwa tayari kumlipa Kasi mishahara ya miezi mitatu na kumpa kazi ya getini. Kwa upande wake, Kasi atie sahihi kwamba aliufunga mkanda kwa hiari yake, bila ya mtu yeyote kujua, na kwamba hadai chochote. Asipotaka, aende Ijumaa mbele ya afisa kazi wa serikali, kama alivyokwisha kuandikisha madai. Huko atasomewa kanuni: mfanyakazi aliyeharibu kinga ya mashine kwa makusudi hana fidia, isipokuwa kama mwajiri alijua akanyamaza. Je, ana shahidi?

Kasi alimtazama msimamizi. Msimamizi alikuwa anaitazama picha ya harusi ukutani.

"Wewe bosi, hukujua?" Kasi aliuliza.

"Mimi nina mashine arobaini, ndugu yangu. Macho yangu ni mawili."

Mke alitia chai vikombeni. Alijua kwamba mumewe hakuwa na shahidi. Wenzake wa zamu walikuwa wamekuja kumtazama mmoja mmoja, kila mmoja na tunda mkononi, na kila mmoja aliondoka kabla ya kuulizwa.

Afisa alikunjua karatasi yake juu ya meza, akatoa kidau cha wino. Kwa kuwa bwana hataweza kuandika kwa sasa, alisema, dole gumba linatosha. Alinyoosha kidole chake kuonyesha mahali. Chini ya mstari palichapwa wazi: dole gumba la kulia.

Afisa aliona, akaanza kulikata neno hilo kwa kalamu huku masikio yake yakiiva.

"Usikate," Kasi alimwambia kwa upole. "Hilo mnalo ninyi. Kalitafuteni kule, mlitie wino."

Waliondoka bila ya kumaliza chai. Mke aliwasindikiza hadi mlangoni, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, na pale mlangoni msimamizi alimwinamia akamwambia kwa sauti ya chini, kama jamaa wa karibu, "Fundi, mshauri mumeo. Ijumaa wakiuliza mkanda ulishonwa na nani, na wewe utakuwa umejitia kitanzi."

*

Jumanne jioni aliwasili shemeji yake, kaka mkubwa wa Kasi, aliyefanya kazi nje miaka tisa katika viwanda vya namna hiyohiyo. Magurudumu ya begi lake yalishindwa na tope la uchochoro, akalibeba kichwani kama mzigo wa kuni. Aliingia, akamwona mdogo wake, akanyoosha mkono wa kulia kwa mazoea. Ukabaki hewani. Kasi aliupokea kwa wa kushoto, akautikisa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akisema kwamba kuanzia sasa watasalimiana kama mtu na kioo chake.

Wakati wa chakula shemeji alizungumza sana. Alikuwa na jambo la kusema kuhusu kila nchi isipokuwa chumba kile. Katika nchi ya kwanza alikokwenda, tajiri alimpokea uwanja wa ndege, akaichukua pasipoti yake kabla hajampa maji ya kunywa, akaifungia katika droo. Huko kuacha kazi bila ya idhini ya tajiri kulikuwa kosa la kupelekwa polisi. Hakukuwa na chama cha wafanyakazi. Neno lenyewe lilitamkwa kwa kunong'ona. Mwenzake wa kitanda cha juu alipokatika vidole, alirudishwa kwao siku ya nne na begi lake, na kabla ya wiki kwisha godoro lilikuwa na mtu mwingine.

Katika nchi ya pili, alikokuwa sasa, mambo yalikuwa kinyume kabisa. Chama kilikuwa na kiti katika meza ya meneja. Mkaguzi wa serikali aliingia bila ya kubisha hodi, na meneja ndiye aliyesimama. Mfanyakazi aliyeiona mashine ni ya hatari aliruhusiwa kuiacha, akanywa kahawa, na mshahara wake ukaendelea kuhesabiwa. Mtu akiumia, analipwa na mfuko ambao kila mwajiri anauchangia apende asipende, wala hakuna anayeuliza kama aliyeumia alikuwa mwerevu au mjinga. Sheria ya huko imekwisha kukubali kwamba mtu aliyechoka atatafuta njia ya mkato, na kwamba kuiziba njia hiyo ni kazi ya mwenye kiwanda.

"Hata kama aliifunga mwenyewe?" Kasi aliuliza.

"Hata kama aliifunga mwenyewe."

"Kumbe. Nyama ileile, mfupa uleule. Nimeuuza soko baya tu."

"Usiseme hivyo, mdogo wangu."

"Nafanya hesabu, kaka. Ningeuweka akiba, ningeukatia kwenu."

Alicheka peke yake. Mke hakucheka. Alikuwa ametambua kwamba tangu shemeji aingie, hakuuliza hata mara moja ajali ilitokeaje. Watu wote waliokuja waliuliza hilo kwanza, hata watoto. Yeye hakuuliza kwa sababu alijua. Ndiye aliyemfundisha mdogo wake kufunga kitufe, kwa simu, wakati yuko katika nchi ile ya kwanza na Kasi akilalamika kwamba hafikii kiwango cha siku. Mke ndiye aliyeishika simu wakati mumewe anajaribu juu ya meza hii hii, vifuniko viwili vya sufuria vikiwa ndiyo vitufe. Walikuwa wamecheka sana jioni ile.

"Shemeji," alisema, akimwongezea mchuzi, "huko nchi ya pili nako mnafunga mkanda?"

"Huko ni marufuku."

"Ulijua lini kwamba ni marufuku?"

Alikunywa maji. Bilauri ilipokwisha, aliendelea kuishikilia mdomoni kwa muda.

"Wiki ya kwanza," alisema. "Walitufundisha siku nzima, na picha wakatuonyesha."

Ilikuwa ni miaka minne tangu wiki hiyo ya kwanza. Katika miaka hiyo alikuwa amepiga simu karibu kila Jumapili, akiuliza hali ya mvua na bei ya sukari. Mke alimtazama akitafuta neno lenye ukali wa kutosha, lakini Kasi alimwahi, akasema kwamba chakula kinapoa. Usiku ule mikono miwili ilifanya kazi tena gizani, na mke akajua kwamba katika chumba cha pili kuna mtu mwingine aliye macho anakisikiliza kitanda kikilia kwa mpigo.

*

Jumatano mchana shemeji alimfuata kibandani. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, magoti yakimgusa kidevu, akaweka bahasha nene juu ya meza ya cherehani. Fedha iliyokuwamo ililingana na mishahara ya Kasi ya miaka miwili. Alikuwa ameikusanya kwa ajili ya kujenga.

Alisema anachotaka ni kimoja: Ijumaa wasiende. Hapa kanuni ni mbovu, alisema, na watashindwa, na kabla ya kushindwa watavuliwa nguo hadharani. Wataulizwa nani alifundisha. Wataulizwa nani alishona. Ukoo mzima utasikia kwamba kaka ndiye aliyemkata mkono mdogo wake, na mke ndiye aliyenoa kisu. Kwani fedha hii haizidi mara kadhaa ile ya kiwanda? Basi iwe ndiyo fidia, imalizike ndani, kama watu wenye heshima.

"Kasi anajua?"

"Mwambie wewe. Mimi ananitania tu. Natamani angenitukana, shemeji. Angenitukana ningelala."

Mke aliitazama bahasha. Chini ya kioo cha meza palikuwa na deni la hospitali, na kodi ya nyumba ilikuwa imepita mwezi. Alifikiri pia juu ya kitanzi alichoahidiwa mlangoni. Si kwamba alikuwa mwoga. Alikuwa mtu aliyejua kwamba mwenye cherehani moja hawezi kugombana na mwenye mashine arobaini. Akaivuta droo, akaitia bahasha chini ya mabaki ya vitambaa, akaifunga. Shemeji alifumba macho kama mgonjwa aliyechomwa sindano ya kumpunguzia maumivu.

Alipobaki peke yake alirudi kwenye gauni la mteja. Alikanyaga pedali, akashona mstari mmoja, akasita. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka kwa ule mpigo wa kitandani. Alibadilisha mwendo, akaharakisha, akapunguza. Kila mguu wake ulipojisahau, mpigo ulirudi. Alifunga kibanda mapema siku ile, na mteja akamlaumu kwa gauni ambalo halikuisha.

*

Alhamisi, akiwa bado hajamwambia mumewe neno, alikwenda kiwandani kuwaarifu kwamba madai yataondolewa. Afisa utumishi alikuwa ametoka. Msimamizi, alipoisikia sababu ya safari yake, alifurahi kiasi cha kumpitisha ndani akasubirie penye kiti, badala ya kusimama getini kwenye jua.

Hakuwahi kuingia ukumbi wa mashine wakati wa kazi. Mshindo haukuingia kwa masikio. Uliingia kwa nyayo, ukapanda kwa magoti. Mashine zilipangwa safu nne, na katika kila mashine mtu mmoja, mkono mmoja ukilisha bati kinywani, mkono mmoja ukipiga kitufe. Kitufe cha pili hakikuwa na mtu. Mahali pake palikuwa na mshono wake, mweupe juu ya turubai, umerudiwa kwa ustadi, safu baada ya safu hadi mwisho wa ukumbi. Aliona mikono mingi mno ikiingia na kutoka. Akajikuta anaisindikiza kwa macho, mmoja mmoja, akingoja utakaochelewa.

Mashine ya mumewe ilikuwa mwanzo wa safu ya tatu. Ilikuwa imeoshwa. Aliyekaa hapo alikuwa msichana aliyefunga kitambaa kichwani, mwenye vidole vyembamba na kasi ya kutisha. Msimamizi alimpigia kelele sikioni, na msichana akageuka huku mkono wake ukiendelea kulisha bati bila ya kutazamwa, akatabasamu.

"Ndiwe mama uliyeshona? Ubarikiwe. Mwezi huu nimefikisha kiwango mara mbili."

Mke alimwomba atazame mbele. Alisema kwa sauti ndogo mno. Msichana alitikisa kichwa kuonyesha kwamba hakusikia, akatabasamu tena.

Katika kona yenye nafuu ya kelele, msimamizi alimwambia kwamba ni vizuri amekuja, kwani alikuwa na shida naye. Mikanda ya mwanzo ilikuwa imelegea. Ikilegea kitufe kinaruka juu, nyundo inagoma, kazi inasimama. Alitaka mipya kumi, na ukijumlisha na ule uliopotea, kumi na mmoja. Je, bei ni ileile?

Alilisema bila ya ubaya wowote, na hilo ndilo lililomtisha mke. Mtu huyu hakuwa akimkebehi. Alikuwa mtu anayetaka kumi na mmoja.

"Unaitaka lini, bosi?"

"Jumatatu."

"Nimesikia," alisema. Akaondoka bila ya kumsubiri afisa utumishi wala kumwachia ule ujumbe uliomleta.

*

Ijumaa, chumba cha afisa kazi kilikuwa kimejaa watu na mafaili. Afisa kazi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni, aliyesikiliza kila mtu akiwa ameinamisha kichwa. Kabla yao alikuwapo mlinzi aliyefukuzwa kwa kusinzia baada ya zamu mbili mfululizo. Alipata barua ya kupeleka ofisi nyingine. Kisha wakaitwa wao: Kasi na mkewe mbele, shemeji kwenye benchi la nyuma, afisa utumishi na msimamizi upande wa dirisha.

Afisa utumishi alieleza vizuri. Mkanda ulikutwa mfukoni mwa mdai. Kiwanda kina tangazo la kukataza kugusa vitufe, limebandikwa ukutani. Hakuna kiongozi aliyejua. Msimamizi aliongeza kwamba kitu hicho hakuwahi kukiona maishani mwake. Afisa kazi alimgeukia Kasi, akamuuliza kama aliufunga mkanda kwa mkono wake.

"Ndiyo, mama. Kwa huu ambao haupo."

"Kwa hiari yako?"

"Hakuna aliyenishika."

Afisa kazi alivaa miwani, akaisoma kanuni taratibu, kama mtu asiyeipenda sauti yake. Akauliza kama kuna mwingine mwenye neno. Shemeji aliinamia viatu vyake. Hapo mke akasimama, na mumewe akamtazama kwa mshangao, kwani hawakuwa wamepatana hivyo.

"Mikanda niliishona mimi," alisema.

"Mkanda," afisa kazi alimsahihisha.

"Mikanda, mama. Arobaini. Huyu bwana alikuja kwangu akaiagiza, akanilipa. Na jana, ndani ya kiwanda, ameagiza mingine kumi na mmoja. Anaitaka Jumatatu."

Afisa utumishi alisimama, akasema anapenda kumtahadharisha shahidi kwamba anakiri kutengeneza kifaa haramu, na kwamba kiwanda kina haki ya kumshitaki. Mke alimjibu kwamba aandike hivyo, na aandike kwa wino mzuri. Aliposhona wa kwanza hakujua hatari ya kinachofungwa. Aliposhona arobaini alijua, kwa sababu mumewe alikuwa amemweleza jinsi nyundo inavyopita karibu na kucha. Lakini ilikuwa ni oda, na nyumba ilikuwa na shida. Hilo pia aandike.

"Lakini sasa hivi wako watu wanakaa pale," alisema. "Kuna binti kwenye mashine ya mume wangu. Tumeni mtu sasa, kabla simu haijapigwa. Akirudi mikono mitupu, nifungeni."

Mkono wa msimamizi ulikuwa umekwisha kuteremka mfukoni. Afisa kazi aliuona.

"Simu yako, bwana. Iweke hapa mezani."

Mkaguzi wa ofisi aliitwa, akaondoka kwa pikipiki. Wao walisubiri, afisa utumishi akiipanga na kuipangua karatasi moja. Baada ya saa na nusu mkaguzi alirudi na gunia, akalipindua mezani. Mikanda ilimwagika, mingine imelainika kwa jasho na mafuta ya mashine hadi kuwa kama ngozi ya kiumbe. Afisa kazi aliuchukua mmoja, akaupitisha kidole juu ya mshono, akauweka chini, akajifuta kidole.

Uamuzi wake haukuchukua muda. Mwajiri alijua, mwajiri aliagiza, kwa hiyo mwajiri atalipa. Kisha alifungua jedwali la viungo lililoambatanishwa na sheria, akashuka nalo kwa kalamu hadi penye mkono wa kazi, na sauti yake ikapoa. Jedwali lilikuwa la zamani, alisema, nalo halimpi uwezo wa kuongeza. Ilikuwa mishahara ya miezi kumi na minne. Kiwanda kina siku thelathini za kukata rufaa. Mashine zitasimama hadi vitufe vyote vikaguliwe. Jina la mke litabaki katika jalada, na huenda akaitwa.

Nyuma yao shemeji alinong'ona kwamba kule angelipwa kila mwezi hadi kufa. Hakuna aliyegeuka.

*

Nje, chini ya upenu wa ofisi, walisimama kungoja jua lipungue. Wafanyakazi wa zamu ya mchana waliokuta geti limefungwa walikuwa wanarudi makwao kwa makundi. Habari ilikuwa imewafikia. Wengine walimpungia Kasi. Wengi walimtazama mkewe kama mtu aliyewakata mishahara. Msichana yule mwenye kitambaa kichwani alipita karibu, hakusalimu. Alikuwa anaipeperusha mikono yake yote miwili wakati anatembea, na mke aliitazama hadi ikapotea kwenye kona.

Aliuliza kama mumewe amekasirika. Kasi alisema hapana. Ila anajiuliza kama leo usiku mkono utapata habari kwamba kiwanda kimefungwa.

Ndipo mke akafungua mkoba, akatoa bahasha, akamweleza mumewe kwa maneno machache ilikotoka na ilikuwa ya nini. Kasi alisikiliza hadi mwisho. Kisha alimtazama kaka yake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne hakuwa na utani.

"Mrudishie," alisema.

Shemeji aliirudisha mikono yake nyuma ya mgongo, kama mtoto. Alisema fedha ya kiwanda haitoshi, na huenda isije kabisa. Wakikata rufaa itachukua mwaka. Wao watakula nini? Yeye ndiye aliyefundisha. Yeye ndiye aliyejua, akanyamaza miaka minne, kwa sababu kila alipotaka kupiga simu alisikia jinsi mdogo wake anavyojivunia lile jina. Kwa hiyo ana deni, na deni hulipwa.

"Ulifundisha," mke alisema. "Na mimi nikashona. Na yeye akafunga. Tutakaa nalo hilo, shemeji, sote watatu. Lakini mkono huu walipe waliokuwa wanahesabu vifuniko. Ukilipa wewe, watasema umekwisha kulipwa."

"Kwa hiyo hamnisamehi."

"Tumekusamehe," Kasi alimwambia. "Fedha ndiyo hatuchukui."

Mke aliushika mkono wa shemeji yake, akauvuta kutoka nyuma ya mgongo, akaitia bahasha kiganjani, akavikunja vidole vyake juu yake, kimoja kimoja, mpaka ikashikika.